Karatasi Zilizokunjwa Mara Tatu

Mizani ililetwa shuleni siku ya Jumatatu kwa trekta la kijiji, imelazwa kati ya magunia mawili ya maharage na kufunikwa khanga kuukuu kama mgonjwa anayekimbizwa zahanati. Ilikuwa mwaka sabini na nane, masika yameshika, na njia ya kutoka Mlandizi kuja Gwata ilikuwa tope tupu. Mwalimu mkuu, Mwalimu Fabian, aliisimamisha mwenyewe ndani ya stoo, akaifuta kwa leso yake, akarudi nyuma hatua mbili kuitazama. Kisha akatoa bunda la fomu kwenye mkoba.

"Mama Mwanahalima," akasema, "kuanzia leo hatupiki tena kwa kukisia."

Mwanahalima alikuwa amepika katika jiko lile miaka sita, na hakuwahi kukisia hata siku moja. Alikuwa na kifuu chake cha nazi, kilichosuguliwa na unga mpaka kikawa laini, na kila asubuhi alipiga magoti mbele ya gunia akawaita watoto. Hakuwahesabu. Aliwaita. Kifuu cha Abdala wa kwa Mzee Kondo, kifuu cha Mwamini, kifuu cha yule mdogo wake Mwamini anayelilia ukoko. Mgeni aliyepita karibu na stoo angedhani mama wa watu anaongea peke yake. Mama yake, aliyekuwa mpishi wa misiba na harusi kule Dutumi, alimfundisha hivyo: anayekuja kula hahesabiwi, kwa sababu ukishamhesabu mtu mbele ya chungu umeanza kujiandaa kwa siku ambayo hatakuwepo. Watu wa kwao walipika hivyo tangu hapo, wala hakuna aliyeona kasoro mpaka mizani ilipoteremshwa kwenye trekta.

Na kusema kweli, alilipenda jiko kwa sababu hiyo hiyo. Tarakimu zilimtia kichefuchefu tangu usichana wake. Kila kazi nyingine aliyoiona kijijini, ya duka la ushirika, ya kupokea mazao, hata ya kukata tiketi za basi, ilianza na tarakimu. Jiko lilianza na moto.

"Hapa unaandika idadi ya watoto waliokuja," Mwalimu Fabian alieleza, kidole chake kikishuka kwenye fomu. "Hapa kilo za unga. Hapa maharage. Hapa kilichobaki stoo. Chini unaweka sahihi. Kila siku ya shule, karatasi moja. Mwisho wa mwezi afisa anakuja kukagua."

"Naandika mimi, Mwalimu?"

"Wewe si ndiye mpishi?" Mwalimu Fabian alicheka kwa upole. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa na madarasa mawili ya kufundisha na vikao visivyokwisha. "Usiogope, mama. Nimeona kwenye faili una cheti cha kisomo, hatua ya nne. Wilaya inasema mpishi asiye na cheti hicho aondoke. Sisi tuna bahati, wa kwetu anacho."

Mwamvita, mjane wa miaka thelathini aliyekuwa akipika naye zamu moja, na aliyesoma hadi darasa la saba, alichungulia ile fomu juu ya bega lake.

"Mbona rahisi tu, Bi Mwanahalima," alisema.

"Ndiyo," Mwanahalima akajibu. "Rahisi."

Alizikunja zile fomu akazifutika kiunoni, na ugali wa siku ile, kwa mara ya kwanza, uliungua kidogo chini.

*

Cheti kile alipewa na mumewe.

Hemedi ndiye aliyekuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima pale kijijini. Kabla ya hapo, miaka kumi na minane, alikuwa karani wa mizani kule kwao Kisarawe, akipima korosho za wakulima msimu hata msimu. Vyama vya ushirika vilipovunjwa mwaka sabini na sita, karani hakuwa na mizani ya kusimamia, na mizani yenyewe ikachukuliwa na watu wengine. Akaja kuishi kwa mkewe na sanduku moja, kalamu moja, na mashati manne meupe. Mwanamume anayeishi kwa mkewe husemwa, na Hemedi alisemwa. Darasa la kisomo ndilo lililomrudishia heshima kidogo: wazee waliomteta barazani walilazimika kunyoosha mkono darasani na kumwita mwalimu.

Katika ule mtihani mkubwa wa sabini na tano alikuwa amekuja likizo akasaidia kuusimamia. Mwanahalima alikaa nyuma kabisa, akachora vifuu vitatu na kuku mmoja kwenye karatasi yake. Hemedi aliiona, akaiweka mfukoni, akajaza nyingine. Mke wa karani angeshindwaje kujumlisha? Kwa miaka mitatu walikuwa wakilicheka jambo hilo wakiwa wawili tu, na kuku yule alikuwa na jina.

Siku ile ya mizani hawakucheka. Mshahara wa jikoni ndio uliolisha nyumba. Posho ya kisomo, shilingi thelathini kwa mwezi, ilikuja inapotaka.

"Wataniondoa, baba Mwanaamina," alisema. Walikuwa wanaitana kwa jina la binti yao, aliyeolewa Kisarawe. "Nitamwambia Mwalimu ukweli."

"Ukweli upi? Kwamba nilighushi cheti?" Hemedi alinyoosha mkono. "Nipe hizo fomu. Leo hawakuja watoto gani?"

Mwanahalima akawataja. Wawili wa kwa Mzee Kondo walikuwa na homa. Mwamini kapelekwa Dutumi kwa bibi yake. Na wengine wanne, majina yao na sababu zao.

"Saba. Wote ni mia na kumi na wawili, toa saba, mia na watano. Sasa niletee kifuu chako. Kijaze kama unavyokijaza."

Alikipokea kifuu cha unga kwa kiganja, akakipandisha na kukishusha taratibu, macho ameyaelekeza pembeni kama mtu anayesikiliza redio. "Robo kilo," akasema. "Kamili. Mama Mwanaamina, una mkono wa mizani wewe."

"Na wewe umejuaje bila mizani?"

"Miaka kumi na minane," alijibu, na akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu masika yaanze.

Akasogea na kigoda mpaka mlangoni penye mwanga, akaweka fomu juu ya ubao wa kukatia mboga, akaandika. Alipomaliza aliikunja mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, akaipitisha ukucha kwenye kingo. "Karatasi ya ofisi haitembezwi wazi njiani kama jani la mgomba," alisema. "Mkabidhi Mwalimu hivi hivi."

Basi ikawa ndiyo kazi yao. Kila alasiri Mwanahalima alirudi akamkuta mumewe ameshaoga, kavaa shati jeupe, kakaa mlangoni na ubao wake magotini. Alimtajia majina, yeye akatoa na kujumlisha kwa sauti, akaandika, akakunja. Asubuhi Mwanahalima alimkabidhi Mwalimu Fabian kile kijikaratasi, naye alikitia kwenye faili kilivyo, akakimbilia darasani. Mwanahalima alikuwa na furaha siku hizo, na aliijua furaha hiyo ilivyo. Alikuwa amemrudishia mtu wake kazi.

Mengine aliyaona na kuyapitisha. Hemedi aliacha kwenda msikitini alasiri, akasema ni magoti. Alimimina chai nje ya kikombe, akasema mezani pameinama, ingawa meza haikuwa imeinama. Alianza kuitikia salamu za watu njiani baada tu ya kusikia sauti, na wapo walioanza kusema karani kaanza maringo. Alipokuwa akiandika aliinama mpaka ndevu zikagusa karatasi. Mwanahalima alidhani makarani huandika hivyo.

*

Afisa alifika siku ya mwisho ya mwezi na Land Rover iliyopakwa tope hadi madirishani. Aliitwa Ndugu Kibwana, kijana mnene kiasi, aliyevua viatu mlangoni mwa ofisi kwa adabu na kuomba vifutwe. Mwanahalima aliitwa kutoka jikoni akiwa bado na upawa mkononi. Ndani walikuwa wamekaa Mwalimu Fabian, mwenyekiti wa kijiji Mzee Mashaka, na wajumbe wawili wa kamati ya shule. Mwamvita aliitwa pia, akasimama karibu na dirisha.

"Unga nimeupima," Ndugu Kibwana alianza. "Na maharage. Stoo haina upungufu. Kwa kweli unga umezidi kilo mbili, sijaona mpishi wa namna hii."

Mwalimu Fabian alishusha pumzi, Mzee Mashaka akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sasa tuone karatasi."

Akakunjua ya kwanza, akaisoma, akaiweka. Ya pili. Ya tatu. Kwenye ya saba au ya nane mkono wake ulipunguza mwendo. Akaigeuza juu chini, akaisogeza dirishani. Tarakimu zilikuwa zimeandikwa juu ya tarakimu, idadi ya watoto imekaa mgongoni mwa kilo za unga, sahihi imetoka nje ya mstari na kukatika ukingoni mwa karatasi. Zilizofuata zilizidi. Halafu akakunjua karatasi nne za mwisho, moja baada ya moja, akazipanga mbele ya kamati.

Zilikuwa tupu.

Hazikuwa tupu kabisa. Mwanahalima, kutoka pale aliposimama, aliona mikwaruzo midogo ilivyopita juu ya karatasi, mistari isiyo na rangi, imebonyea kama njia za siafu. Kalamu ilikuwa imekauka. Kalamu ilikuwa imekauka siku nne, na mwandishi wake alikaa mlangoni penye mwanga siku nne, akaandika, akakunja, akapitisha ukucha.

Meza haikuwa imeinama. Magoti hayakuwa magoti.

"Huu ni mzaha?" Ndugu Kibwana aliuliza. Mjumbe mmoja alicheka, akajikohoza. "Mama, nani kaandika hizi?"

Mwanahalima alihamishia upawa mkono wa kushoto.

"Chukua kalamu yangu. Andika hapa, mia moja na kumi na mbili. Tu."

Aliweka upawa chini, akaichukua kalamu. Aliishika kama anavyoshika mwiko, kwa ngumi, na hakuwa na pa kuanzia. Tone la jasho lilidondoka juu ya karatasi ya serikali. Yule mjumbe akacheka tena, sasa bila kujikohoza.

"Dada Mwanahalima." Mzee Mashaka alisema taratibu, bila kumwangalia. "Sisi ni watu wa hapa hapa. Kama kuna aliyekuwa anakujazia, mtaje. Chakula chako hakina ubaya, watoto wananenepa. Ukimtaja, wewe utabaki jikoni na Mwamvita ataandika. Sivyo, Ndugu Afisa?"

"Linazungumzika," Ndugu Kibwana alikubali. "Ila huyo mtu aje hapa ajieleze. Na hiki cheti cha hatua ya nne nacho, mwalimu wa kisomo ni nani?"

Mwalimu Fabian ndiye aliyesema, kwa shida. "Ni Ndugu Hemedi Pazi. Mume wake."

"Basi aitwe. Tumwekee karatasi hizi mezani atusomee."

Mwanahalima alimwona. Alimwona Hemedi na shati lake jeupe akipanda kile kizingiti cha ofisi, akijikwaa. Akiitikia salamu kwa kuangalia ukuta. Akipewa karatasi tupu mbele ya wanafunzi wake wenyewe, na yule anayecheka akiwa amekaa palepale. Angeisoma. Angeisoma tarakimu zake zote kwa kichwa, moja moja, bila kukosea, na wangecheka mpaka machozi yawatoke.

"Hakuna wa kuitwa," alisema. "Nimeandika mimi."

"Wewe? Mbona sasa huwezi?"

"Mkono unatetemeka leo."

"Na hizi tupu?"

"Uvivu, baba. Nilichoka, nikazikunja hivyo hivyo. Cheti ni changu na makosa ni yangu."

Mzee Mashaka alimtazama kwa muda mrefu. Alikuwa ameelewa kitu, au nusu yake, na mtu akielewa nusu mara nyingi hunyamaza zaidi kuliko asiyeelewa kabisa. Ndugu Kibwana aliandika kwenye daftari lake kwamba mpishi wa shule ameachishwa kwa kudharau nyaraka za serikali, na kwamba nafasi yake itashikwa na Mwamvita. Hakuna hata punje ya unga iliyokuwa imepotea.

Nje, Mwamvita alimfuata mbio hadi kwenye mafiga. "Bi Mwanahalima, Mungu shahidi, sikuitaka kazi hii kwa njia hii."

"Najua, mwanangu. Yule mdogo wake Mwamini, usimsahau. Anapenda ukoko."

Alichukua kifuu chake. Upawa ulikuwa wa shule, akauacha.

*

Hemedi alikuwa mlangoni, kaoga, ubao magotini.

"Umechelewa leo, mama Mwanaamina. Haya, hawakuja kina nani?"

Alisimama hatua tatu mbele yake, akaupunga mkono wake wa kulia usoni pake, taratibu, kutoka bega hili hadi lile. Macho ya Hemedi yalibaki njiani, yakingoja majina. Mwanahalima alijiziba mdomo kwa upindo wa khanga.

"Kimya hivyo, kuna nini?"

"Wameniachisha. Wanataka aliyefika darasa la saba. Wamempa Mwamvita."

"Na fomu?"

"Afisa kazisifu. Kasema huo ndio mwandiko wa karani."

Uso wa Hemedi uling'aa, kisha ukajikunja kwa hasira. Alipiga ubao kwa kiganja. "Basi wamekuonea! Hesabu safi, stoo safi, mtu anafukuzwa kwa sababu ya darasa la saba? Niletee karatasi. Naandika barua kwa afisa mwenyewe. Nawajua watu hawa, nimekaa nao miaka kumi na minane, wanaogopa barua."

Angemkataza angesema nini? Alimletea karatasi. Kalamu alikuwa nayo mfukoni, ile ile. Hemedi akaanza, akitamka kila neno alilokuwa akiliandika, kwa sauti ya ofisini ambayo Mwanahalima hakuwa ameisikia tangu Kisarawe.

"Ndugu Afisa. Yahusu, kuachishwa kazi bila kosa kwa mpishi, Bibi Mwanahalima. Rejea fomu za mwezi huu, ambazo wewe mwenyewe umezikagua na kuzisifu..."

Mwanahalima alikaa chini kwenye mkeka kando yake, akatazama. Kalamu ilikwaruza karatasi nyeupe kutoka juu hadi chini. Mstari wa tatu Hemedi alisimama kidogo, kalamu hewani, kichwa kimeinama upande. Kisha akaendelea. Alisema kwamba mpishi huyu anajua majina ya watoto mia na kumi na wawili na maradhi yao. Alisema kwamba mkono wake ni mizani. Alisema mengi mazuri ambayo katika miaka thelathini ya ndoa hakuwahi kuyasema, na yote hayakuacha alama hata moja. Akaweka sahihi, akakunja mara tatu, akapitisha ukucha.

"Ipeleke Mlandizi posta."

"Nitaipeleka."

Aliitia ndani ya kifuu, akakiweka kifuu juu ya kabati.

*

Wiki mbili zilipita. Mwanahalima alipika kwenye msiba mmoja Dutumi, akalipwa mchele na kichwa cha mbuzi. Nyumbani alisumbuliwa na sufuria ndogo. Kwa watu wawili alipika cha wanane, akawagawia majirani, kesho yake akapika kile kile. Kila alasiri Hemedi aliuliza kama barua imejibiwa, na kila alasiri yeye alijibu kwamba bado. Shati jeupe alilivaa, ila ubao aliurudisha jikoni.

Siku ya kumi na tano hakuuliza. Alikaa mlangoni akisikiliza watoto wakirudi kutoka shule, wakipita na kuita "Shikamoo Bi Mwanahalima", na Mwanahalima akiwaitikia kila mmoja kwa jina lake. Wakapungua, wakaisha.

"Hukuipeleka," alisema.

Mwanahalima aliacha kupepeta.

"Kalamu yenye wino huteleza," Hemedi aliendelea. "Isiyo na wino hukwaruza. Mtu aliyeandika miaka kumi na minane anajua hata akiwa usingizini. Nilipokuwa najaza fomu nilidhani ni ubao una mikwaruzo. Siku ya barua, mstari wa tatu, nikajua."

"Sasa mbona uliendelea?"

"Ulikuwa umekaa hapo chini, unanitazama. Nilikusikia unavyopumua. Fomu ngapi zilikuwa tupu?"

Angeweza kusema moja. "Nne," alisema.

"Nne." Hemedi aliinamisha kichwa. "Na hukunitaja."

"Sikukutaja."

"Ungebaki na kazi yako."

"Ningebaki nayo, na wewe wangekuita pale ofisini. Kwa nini hukuniambia, Hemedi? Mimi nani, mpita njia?"

Hakuwa akimwita kwa jina, na wote wawili walilisikia jina lilivyokaa pale kati yao.

"Ningekuambia, ungeacha kuniletea fomu," Hemedi alisema. "Halafu ningekaa hapa mlangoni ningoje nini?" Akalia, kwa sauti, kama wanavyolia watu ambao hawajazoea, na Mwanahalima alitoka kwenye ungo akamshika kichwa akakiegemeza tumboni pake, unga wa mikono yake ukimshika nyweleni.

*

Binti yao alikuja kutoka Kisarawe akampeleka baba yake hospitali, Kibaha. Daktari alimmulika macho kwa muda mrefu, akasema kwa upole kwamba yaliyokwisha kuondoka hayatarudi. Darasa la kisomo Hemedi aliliacha mwenyewe. Alimtuma mtu kumwita Mzee Mashaka, akamwambia yote, na la cheti pia, na la kuku. Mzee Mashaka akauliza kuku aliitwa nani. Kazi haikurudi; yaliyoandikwa kwenye daftari la afisa yalikuwa yamekwisha kuandikwa.

Alhamisi moja, jua limeanza kupungua ukali, Hemedi alisema, "Kesho Ijumaa nataka kwenda msikitini. Kwa miguu yangu. Kutoka hapa mlangoni ni hatua ngapi?"

"Nitajuaje mimi?"

"Kahesabu."

Alitaka kucheka, akaona Hemedi hatanii. Hatua si watu, alijisemea, hatua zinahesabika. Akajifunga khanga kiunoni, akaanza mlangoni. Moja, mbili, tatu. Alipofika ishirini na kitu Mwamvita alipita na ndoo akamwamkia, akaitikia, tarakimu zikamponyoka zote. Akarudi mlangoni, akaanza tena. Mara ya pili alisahau kinachofuata baada ya thelathini na tisa, akasimama katikati ya njia na mdomo wazi. Kichefuchefu kile cha usichana kilimpanda kooni. Akarudi. Mara ya nne, Mwalimu Fabian alikuja na baiskeli yake, akashuka.

"Unatafuta nini, mama? Umeangusha kitu?"

"Nahesabu, Mwalimu," alisema, bila kusimama. "Hamsini na moja. Hamsini na mbili."

Mwalimu Fabian alibaki ameshika usukani wa baiskeli mpaka mama yule alipofika kwenye ukuta wa msikiti, akaugusa, akasema themanini na tisa, akageuka.

Ijumaa wakatoka pamoja kabla ya adhana, Hemedi na shati lake jeupe, mkono wake begani kwa mkewe. Majirani walitoka uani kuwatazama, wengine wakajifanya wanafagia. Yeye alihesabu kwa sauti yake ya ofisini, na Mwanahalima alihesabu chini kwa chini pamoja naye, akimshikilia pale penye mzizi, akimvuta pembeni penye dimbwi. Hatua za Hemedi zilikuwa zimekuwa fupi. Themanini na tisa zake Mwanahalima zilipita wakiwa bado njiani, na hakumwambia. Aliendelea tu, tisini, tisini na moja, akizitafuta moja moja kama anayeokota kunde kwenye mchanga.

Kwenye mia na sita Hemedi alisimama. Alisikia maji ya watu wanaotawadha.

"Tumefika," alisema.

"Bado moja," Mwanahalima akasema. "Nyanyua mguu, baba Mwanaamina. Hapa pana kizingiti."